Tundu la Ziada
Fundi cherehani, jirani yetu, alipoambiwa na daktari aanze kukimbia, nilimsindikiza kununua saa ya mazoezi. Hakuuliza habari za betri wala umbali. Aliuliza kama mkanda unaweza kuongezwa tundu la kubana zaidi. Muuzaji akacheka, maana mkono wa mteja wake ni mnene. Sasa kila asubuhi hukimbia kidogo, hutembea, hukimbia tena, akijisemesha, "Taratibu, bibi, hufukuzwi." Mzunguko humalizikia kwetu, chumbani kwa mama, asiyetoka kitandani mwaka wa pili huu. Huvua saa, humfunga mama mkononi, kwenye tundu alilotoboa mwenyewe kwa msumari wa moto, husubiri mapigo ya moyo yasomeke. "Shoga, leo umenipita," humwambia. Mama hucheka, na namba hupanda zaidi.