Shikamoo Haitolewi kwa Sare

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, nilipomwamkia shikamoo kijana ambaye kwa umri angekuwa mdogo wangu wa mwisho. Nakumbuka saa hiyo vizuri kwa sababu ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake, nami niliikodolea macho ili nisimtazame yeye.

Mwanangu, wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi mwashi mwenye mke na mtoto. Yeye alikuwa askari wa kaunta katika kituo kidogo cha polisi upande wetu huu wa ziwa. Kituo sikitaji, maana waliokuwapo walikwisha kuhamishwa, na si haki waliopo sasa wabebe yasiyo yao. Nilisema, "Shikamoo afande." Akajibu marahaba bila kuinua macho kwenye gazeti lake la michezo, kama mtu aliyezoea kuamkiwa na wenye mvi.

Kilichonipeleka pale ni ndugu yangu Shija, mtoto wa shangazi yangu. Jioni ya jana yake alikuwa Kigongo, kwenye kivuko, akimngoja mama yake avuke kutoka Busisi na magunia ya mihogo. Daraja halikuwapo bado. Ninyi mnaopita juu ya maji kwa dakika chache hamjui jinsi watu walivyokuwa wakikaa pale, wakingoja hadi miguu inakufa ganzi. Gari la polisi lilikuja likazoa vijana wote waliosimama bila mzigo. Kosa lao likaitwa uzururaji. Ilikuwa Ijumaa, na aliyekamatwa Ijumaa akikosa dhamana hulala ndani mpaka Jumatatu. Na Jumatatu hiyo, asubuhi, Shija alitakiwa kuripoti kiwanda cha samaki mjini Mwanza, kazi aliyoihangaikia kwa muda mrefu. Asipotokea, getini kulikuwa na wengi wa kuichukua.

Nilikuwa nimemwacha shangazi nje, chini ya ukingo wa paa. Nilimwambia Kiswahili changu kimenyooka kuliko chake, na kwamba mambo haya yanataka ulimi laini. Soksini nilikunja shilingi elfu thelathini za shangazi, kwa kuwa watu wa nje walitunong'oneza kwamba hiyo ndiyo "dhamana" ya pale. Ukutani, chini ya ile saa, palibandikwa karatasi iliyosema dhamana ni bure. Nililisoma tangazo hilo nikiwa na pesa soksini, na sikuona ajabu. Binadamu huzoea.

Askari akaniambia nikae chini. Palikuwa na benchi refu, tupu kabisa. Nilipolitazama akasema, "Hilo ni la wageni." Basi nikakaa kwenye sementi pamoja na wenzangu: mzee mmoja aliyekuja kushitaki kwamba ameibiwa baiskeli, na akina mama wawili wauza dagaa. Fikiria, mwanangu. Mzee ameibiwa, amekuja kwa anayelipwa kukamata wezi, na ni yeye aliyekalishwa sakafuni kama mwizi.

Hapo ndipo shangazi Minza akachoka kungoja, akaingia.

Alinikuta sakafuni. Alikwenda hadi kaunta, akasimama wima, kitenge amekifunga vizuri kiunoni, akanyamaza. Askari akangoja. Shangazi naye akangoja. Gazeti likashuka.

"We bibi, kwenu hamsalimii?"

"Tunasalimia sana," shangazi akasema. "Ninangoja uniamkie."

Mmoja wa wale wauza dagaa akaziba mdomo kwa khanga. Kwetu Usukumani mdogo ndiye huanza, na mkubwa akianza anamtangazia mtoto huyo kwamba hakulelewa. Hili shangazi hakulisoma popote, na askari yule, kwa sura na lafudhi, alilijua kama sisi. Akasema kwa ukali kwamba pale si nyumbani, pale ni serikalini, na anaweza kumweka ndani kwa kumdharau askari. Shangazi akamjibu polepole kwamba amweke tu, mwanawe tayari yumo, watakaa wote.

Sasa sikiliza kosa langu. Niliogopa. Nikasema kutoka pale sakafuni, "Shangazi, mwamkie tu yaishe."

Aligeuka akanitazama. Macho yale sijayasahau.

"Masele, shikamoo uliyompa huyu mtoto, babu yako utampa nini?"

Hakungoja jibu. Alikwenda kwenye lile benchi la wageni, akaketi katikati, akaweka mikono mapajani. Kisha mzee wa baiskeli akaanza kuinuka, akishika ukuta kwa sababu ya magoti, akaenda kuketi kando yake. "Na mimi ni mgeni," akasema. "Nyumbani kwangu ni Magu." Wauza dagaa wakafuata. Mimi nilikuwa wa mwisho, na hilo nalisema bila kulipamba.

Askari akasimama, akaamuru turudi chini. Hakuna aliyerudi. Angefanya nini? Alikuwa peke yake kaunta, mbele yake watu watano waliokaa kwa adabu wakimtazama. Nikapata sauti. Nikauliza Shija ana kosa gani, nikatajiwa uzururaji. Shangazi akauliza kama mtu aliyetumwa na mama yake kupokea mihogo anazurura. Askari akasema hayo nitaongea naye mimi, pembeni, kiume. Nikajua pembeni maana yake nini, na soksi ikaniwasha. Nikajibu kwamba tuongee hapa hapa, nataka dhamana.

"Mdhamini yuko wapi?"

"Mimi," nikasema. Mzee wa baiskeli akasema hata yeye yupo. Muuza dagaa mmoja akasema na yeye pia, tena kitambulisho anacho, akaanza kukitafuta kifuani bila haraka.

Askari akatutazama mmoja mmoja, akavuta daftari la dhamana. Hakuomba kitu. Ile elfu thelathini ilirudi na shangazi Busisi kama ilivyokuja.

Nisidanganye: hakumwamkia shangazi mpaka tunaondoka. Ila "we bibi" ilikwisha, ikawa "mama, weka sahihi hapa." Na mzee wa baiskeli aliandikiwa maelezo yake akiwa ameketi kwenye benchi.

Shija alitoka ameshikilia suruali kwa mkono, mkanda wake haukuonekana. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Shikamoo yako tuliisikia mpaka mahabusu. Tulicheka wote." Shangazi yeye hakucheka. Tulipofika barabarani aliomba nimshike kiwiko, na nikaona anatetemeka mwili mzima. "Ulidhani siogopi?" akaniuliza. Jumatatu Shija aliingia kiwandani.

Tangu hapo nimejisomea mwenyewe, taratibu, jioni baada ya kazi, nini askari anaruhusiwa na nini haruhusiwi. Nimekutana pia na askari wema, mmoja alinyanyuka kitini kumpisha mjamzito, na mwingine alimrudishia jirani yangu ng'ombe wake wote. Siwachukii. Bali nimejifunza kwamba, ukiona vyaelea, vimeundwa. Dharau ile ya kaunta kijana yule hakuja nayo kutoka kwa mama yake. Tulimtengenezea sisi, shikamoo moja baada ya nyingine.

Wazee wengine walitufundisha kwamba mwenye nguvu mpishe. Mimi nakwambia, mpishe njiani, usimpishe kwenye haki yako. Ukienda kituoni, msalimie askari kama unavyomsalimia mtu mwingine: mkubwa kwa shikamoo, rika lako kwa habari za kazi, na mdogo mngoje. Usitukane, usipige kelele, usikimbie. Uliza kosa ni lipi. Uliza dhamana. Usiende peke yako, na usikubali kuitwa pembeni, kwa sababu rushwa huombwa kwa mtu aliyeinama, tena aliye peke yake. Ukikuta benchi, kaa. Kodi ya muuza dagaa ndiyo iliyolinunua, na ndiyo inayomvisha sare aliye nyuma ya kaunta. Kazi yake ni kumlinda yule mama. Akisahau, mkumbushe ukiwa umeketi wima.

Utaogopa. Shangazi aliogopa. Hofu haikatazi mtu kukaa kwenye benchi.

Nenda, mwanangu. Mungu akuongezee siku, akupe mgongo usiopinda mbele ya mdogo wako, na akupe wa kuketi nawe siku utakapoketi. Ukiwa wewe ndiye utakayevaa sare hiyo, akupe ulimi wa kuanza kusema shikamoo.