Pingamizi Dhidi ya Nesi na Dereva

Tamthilia iliishia nesi akiwa amekaa juu ya begi stendi, anamsubiri dereva wa lori aliyeahidi kumfuata. Muziki ukapigwa, majina yakapanda, na wiki iliyofuata saa ileile wakaweka kipindi cha mapishi. Sebuleni kwa dada yangu, hapa Newala, akina mama sita waliitazama supu ikichemka hadi mwisho, wakidhani nesi atatokea jikoni.

Nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu nirudi. Nina miaka arobaini na kitu, nimeishia kidato cha nne, na tangu ujana sijawahi kukaa mahali mikorosho ikachanua mara mbili nikiwapo. Nimekaanga chipsi Nanganga, nimetengeneza simu Masasi, na kote huko nilikuwa naukumbuka ubaridi wa asubuhi wa Newala. Nikifika Newala, naanza kukumbuka nilikotoka.

Masasi ndiko binti mmoja wa duka la kutoa nakala alikonifundisha kwamba hadithi ikiishia pabaya, shabiki anaruhusiwa kuiendeleza mwenyewe na kuwarushia wenzake kwenye simu. Ila kuna adabu zake. Juu kabisa unaandika jozi, yaani nani na nani watapendana. Unaandika kama ni mwendo wa kobe, maana yake hata kushikana mikono ni mpaka sura ya kumi na mbili. Halafu unaandika tahadhari, mambo yanayoweza kumtonesha msomaji kidonda, ili asiyeyaweza apite pembeni.

Basi nikaandika. Dereva hakufika stendi kwa sababu alipata ajali, na sura ya kumi angefariki. Tahadhari niliiweka kwa ajili ya dada. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akafia barabarani, na tangu yule wa kwenye tamthilia aanze kuonekana, kila akitokea, dada alikumbuka kitu jikoni. Nilitaka sana asome kazi yangu, na nilitaka isimuumize. Yote mawili kwa pamoja.

Wengi wa akina mama wale walikuwa hawana simu za kusomea, au walikuwa nazo bila miwani, kwa hiyo niliwasomea kwenye foleni ya maji. Hapo mtu haondoki.

"Jozi," nikaanza. "Nesi na dereva."

"Unatangaza mara ya ngapi?" akauliza mwalimu mstaafu, mama wa Kianglikana ambaye babu yake alibatizwa na wamisionari, na ambaye bado anatusahihisha sote.

"Mara ya kwanza, mwalimu."

"Basi zimebaki mbili. Mwenye pingamizi aseme."

Nilidhani anatania. Lakini kanisani kwao watu wawili wakitajwa pamoja mbele za watu, wanatajwa Jumapili tatu, na anayejua sababu ya kuwazuia anaitoa. Foleni nzima ililielewa hilo haraka kuliko walivyonielewa mimi.

"Mimi ninalo," akasema muuza vitenge, mwenyeji wa Singida. "Huyo dereva alimnunulia chai mwanamke mwingine. Tuliona wote."

"Ile ilikuwa kazini," mwingine akamtetea.

"Chai ya kazini mtu anamvulia mwenzake kofia?"

"Na wazazi wa nesi wamearifiwa?"

Nikawaeleza kwamba jozi si ndoa, ni kumjulisha msomaji tu.

"Kujulisha ndiyo kutangaza," mwalimu akasema. "Endelea."

"Tahadhari. Ajali ya gari, kifo cha mhusika mkuu."

Mwalimu akanigeukia. "Amekufa nani?"

"Bado. Dereva atakufa sura ya kumi."

"Umejuaje?"

"Si mimi ninayeandika?"

"Sasa si umwache."

"Mwalimu, hii ni tahadhari. Asiyeweza habari za kifo anasogea pembeni asisikie."

"Asogee aende wapi, na ndoo iko kwenye foleni?"

Wakacheka. Dada hakucheka. Alikuwa wa nne kutoka bombani, na amepanga foleni tangu alfajiri. Akainua ndoo zake mbili tupu, akaziweka kichwani moja ndani ya nyingine, akaenda zake. Tahadhari ilikuwa imefanya kazi kama nilivyofundishwa, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Siku ile tulipikia maji ya jirani. Dada alinipakulia ugali kama kawaida, nami nikaanza kukunja nguo zangu begini, ndivyo nilivyozoea kufanya.

Mara ya pili hakuja, alimtuma mtu na ndoo. Pingamizi la chai lilitupwa kwa kukosa uzito. Nilisoma vibaya, narukaruka mistari.

Mara ya tatu nilimkuta amefika kabla yangu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Soma."

Nikasoma jozi na tahadhari. Mwalimu akauliza kama kuna neno. Dada akasema analo.

"Hao wawili waoane, sina tatizo. Pingamizi langu liko hapo chini, kwenye tahadhari." Alikuwa ananitazama mimi, si wao. "Wa kwangu sikutangaziwa hata mara moja. Huyu umenitangazia mara tatu. Kwa hiyo nakataa. Asife."

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo iliyojaa na mwenye ndoo hakuyaona.

"Pingamizi limepokelewa," akasema mwalimu. "Kata."

Nikakata palepale, kwa kidole, sura nne nzima. Lakini dereva alihitaji sababu ya kuchelewa, kwa hiyo kesho yake lori lake likaharibika giaboksi njiani, limejaa korosho, na baada ya siku mbili akaendelea na safari.

"Siku mbili?" dada akanikatiza. "Giaboksi ya lori? Kifaa kinaagizwa Dar. Mpe wiki mbili. Na hawezi kuacha mzigo, atalala chini ya gari. Shemeji yako alilala siku kumi na moja."

"Nesi je?" muuza vitenge akalalamika.

"Angoje. Sisi tulikuwa tunangoja."

Sasa tuko sura ya ishirini na nne, mikorosho imechanua mara ya pili, na dereva bado yuko chini ya lori. Wasomaji wananung'unika. Kila asubuhi dada ananiambia dereva ashike spana namba ngapi.