Msusi Aliyeitwa Kufuli

Msusi huyu alipewa jina la Kufuli, na hakuna aliyebisha. Kitambulisho chake hulala ndani ya pochi, pochi ndani ya kopo, kopo ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati unaning'inia shingoni mwake. Risiti akipewa huichanachana mpaka aliyempa anaona aibu. Fomu ikimtaka tarehe ya kuzaliwa huuliza, "Kwani mnataka kunioa?"

Sasa asubuhi moja, amefika nusu ya kichwa cha mwalimu wa hesabu, simu yake ikakata mtandao. Akaizima, akaiwasha, wapi! Mara fundi simu wa mlango wa pili akachungulia.

"Kufuli, mbona unaniandikia nikutumie picha ya kitambulisho changu?"

"Mimi? Na simu yangu imekufa hii!"

"Basi laini yako imetekwa. Kuna mtu anajifanya wewe."

Kufuli akatupa chanuo. Hati ya nyumba waliyoachiwa na mama yao ilikuwa kwa dada yake, na dada yake ni mtu wa kutuma kitu kabla hujamaliza kuomba. Mwizi akiipata, nyumba itauzwa huku wenyewe wamekaa sebuleni wanakunywa chai!

Weee, mbio! Kandambili moja ikabaki mtaroni. Nyuma yake mwalimu naye anatimua vumbi, upande mmoja misuko, upande wa pili nywele timtim, anapiga kelele, "Kichwa changu, wewe! Nimalizie kichwa changu!" Mtaa mzima ukavunjika mbavu.

Wakamkuta dada mlangoni, hati mapajani, simu mkononi.

"Usitume!"

"Nimtumie nani? Huyo mwizi anajua jina la mama, siku uliyozaliwa, mpaka yule mbuzi aliyekupiga pembe. Nilishafungua kamera, mwenzio! Halafu akaandika, 'Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu.' Tangu lini wewe ukaniamkia? Si unaniita Kibibi tangu unaota meno? Nikajua huyu si mdogo wangu."

Kufuli akamrukia shingoni, wakacheka mpaka machozi.

"Lakini kayajuaje yote hayo? Karatasi zangu zote nachana!"

Mwalimu akakohoa. "Habari za mbuzi mimi nimezisikia mara nne. Jina la mama yako ndiyo usiseme. Wewe ukianza kusuka, mdomo nao haupumziki."

Kufuli akanywea kabisa. Wakafunga ile laini kwa simu ya dada, kisha wakawekeana alama yao ya siri: ujumbe ukisema Kibibi ni yeye, ukisema shikamoo ni mwizi. Akaapa kufunga mdomo.

Walivyorudi saluni, benchi limejaa wateja na wasindikizaji wao. Akashika chanuo. Msuko wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya, jasho linamtoka. Wa tatu ukamshinda.

"Jamani, hamjui kilichoniokoa! Mimi dada yangu huwa namwita Kibibi, sasa yule mwizi..."

Benchi zima likasogea karibu.