Ndizi za Mgonjwa wa Figo

Wiki jana, nikiwa kwenye benchi la kliniki moja mjini Garsen, nilimsikia daktari akimuuliza mkulima wa kijiji cha Wema, mgonjwa wa figo, anakula nini siku hizi. Mlango ulikuwa wazi.

"Chumvi nimewacha, nyama nimewacha," mzee akajibu kwa fahari. "Nakula ndizi tu, za shambani kwangu."

"Mbivu?"

"Mbivu na mbichi," mkewe akadakia, akicheka. "Huyu bado kidogo atageuka mgomba!"

Daktari hakucheka. Aliisoma tena karatasi ya majibu ya damu, akaiweka mezani taratibu.

"Mama, ndizi ina madini ya potasiamu. Figo zake hazina nguvu ya kuyatoa, sasa yamejaa kwenye damu. Yakizidi hivi, moyo unaweza kusimama ghafla."

Mama alikisukuma kikapu chake nyuma kwa mguu. Ndani mlikuwa na chane la ndizi mbivu, zawadi ya daktari.

"Na zile za asubuhi?" akauliza. "Nimemmenyea mimi."

Daktari alikuwa ameshasimama, akiagiza iletwe mashine ya kupima moyo.

Huku kwetu kando ya mto mgonjwa hupelekewa ndizi kwa mapenzi, maana tumezoea kuogopa vitu vichungu tu. Mwenye figo mbovu na amuulize daktari hata kuhusu kitamu alichokipanda mwenyewe.

Nilipoondoka, mzee alikuwa amelazwa, nyaya zimebandikwa mwilini. Mkewe alikuwa amemwekea kiganja kifuani, juu ya moyo, na kila mzee alipotaka kusema neno, alimkatiza: "Nyamaza kwanza, baba. Nausikiliza."