Goti la Vazi la Nyuki

Cherehani ya fundi mwenzangu na yangu zilikaa bega kwa bega sokoni Butembo, lakini wateja walinipita wakaenda kwake. Na fundi mwenyewe hashiki hata mita ya kupimia! Mrina asali wa Musienene alipoagiza vazi la kumkinga na nyuki, yule jirani yangu alimvalisha kabla halijaisha, akamwaga maharagi chini. "Inama, papa. Lokota moja moja." Akachuchumaa, chaki mkononi, akimtazama magoti.

Ghafla risasi zikalia. Tulikimbia wote, mrina akiwa ndani ya vazi lile. Mimi nilitupa hata mkasi. Yeye alikimbia nyuma ya mrina akipaza sauti: "Papa, goti ya kuume inakukaza!" Tulipojificha kanisani alipiga magoti, nikadhani anaomba. Kumbe anachora chaki pale panapobana. Mstari ulinyooka. Wangu haunyooki hata siku ya amani.