Ngoma ya Binti Yangu Ndani ya Picha Moja

Mimi shule sikuiona. Nilisoma kisomo cha watu wazima, watoto ninao tayari, kwa hiyo nitaandika kama ninavyozungumza. Mwaka wenyewe sikumbuki, ila tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa kule Kibuta, kwenye ile nyumba tuliyojengewa na wenzetu. Ilikuwa inavuja, lakini hayo tuyaache.

Nilianguka mnazi. Tena mnazi mfupi, aibu tupu. Nikalazwa Kibaha, mguu unavutwa kwa kamba na uzito. Na wiki ile ile binti yangu wa kwanza anatolewa mwali! Muda wote aliokaa ndani mimi nilikuwa nalima mpunga wa sherehe yake, halafu siku inafika niko chali, natazama dari. Kuahirisha haiwezekani, ndugu wa Marui wameshafika, mchele umeshatwangwa. Moyo uliniuma kuliko mguu.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa na kamera. Filamu wakati ule adimu kama sabuni. Akaimaliza yote kwa mwali, pa-pa-pa, mpaka mama mkwe akamfokea, "Na sisi wengine tukapigwe wapi?"

Akaniletea picha hospitalini. Nikazitandaza juu ya shuka. Kila moja, mtoto amebebwa mabegani, maana mwali wetu huchezea huko juu, lakini amekaa tu.

"Shemeji," nikamwambia, "umenipigia mtoto aliyekaa. Anacheza wapi?"

"Wewe! Mguu unaning'inia kama ndizi ya kuivisha, bado unachagua?"

Tukacheka, maana mimi na yeye ni watani. Lakini aliniona machoni. Akazikusanya, akaondoka bila kuaga.

Aliporudi alikuwa na picha moja tu, ndefu. Alizikata zile zote kwa mkasi wa dada yake, akazipanga kwenye ubao kwa kufuatana, bega la huyu linagusa mkono wa yule, akazibandika kwa uji wa muhogo. Halafu akaupeleka ubao studio Dar, ukapigwa picha upya, ikawa picha moja.

Mzee wa Gwata, wa kitanda cha jirani, akaichungulia.

"Mashallah, ndugu yangu. Una mabinti mapacha wengi hivi?"

"Ni mmoja huyo, mzee."

"Mmoja! Na hawa waliowabeba, nao pacha?"

Wodi nzima ikaangua kicheko, nesi akaja kutunyamazisha, akabaki kutazama yeye.

Mimi nikaweka kidole kushoto, nikakisogeza polepole huku naipiga ngoma kwa ulimi. Bega likashuka. Likapanda. Mikono ikafunguka, kilemba kikalegea, mkono wa mama mkwe ukatokea pembeni unamtunza kanga. Wallahi alicheza! Nilimwona anacheza, mimi niliyelala.

Ila ya mwisho ilinishangaza. Mwali wetu hucheza macho chini mpaka mwisho, ndiyo heshima yenyewe. Huyu pale mwishoni ameinua uso, ananitazama. Nikamuuliza shemeji, akajifanya anafunga mkoba.

Nilipotoka hospitali ndipo nikamuuliza binti. Kumbe bibi yake alimsema siku nzima, "Mwali gani anakodoa macho mbele za watu?"

"Shikamoo baba," akaanza, maana alikuwa bado na haya za mwali. "Mjomba aliniambia umo mle ndani ya kamera. Nimalize, halafu nikutazame."

Nilimwitikia marahaba tu, nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta jembe.

Mguu ulipona, umepinda kidogo. Picha ninayo, pembeni imeliwa na mende, uji wa muhogo hauna lawama hapo. Shemeji ametangulia mbele ya haki. Filamu yake nzima aliitumia kwangu, na hakuwa na picha hata moja ya kwake mwenyewe. Kila nikisogeza kidole mpaka pale mwanangu anapoinua uso, namwombea yeye, aliyekuwa amesimama nilipotakiwa kusimama mimi.