Jiwe Zito la Darasa la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirudi kutoka shule akikimbia.

“Yaya! Jiwe yangu njo imeshinda yote!” Yaya ni mimi, mkubwa wake. “Wenye waliokota mu barabara, yao ilikuwa nyepesi kama mukate. Darasa yote walinipigia makofi.”

“Na yako, uliitosha wapi?”

“Mu shamba yetu, kule chini ya maharage.”

Nilimwambia anywe uji.

Wazazi wetu walituachia shamba hilo, upande wa Ngungu, na kwa ajili yake niliacha shule. Ndilo linalotulisha. Kule Rubaya nimeona familia zikihamishwa kutoka kwenye mashamba yao kwa sababu ya madini mazito yaliyo chini ya mizizi.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu wa sayansi. Alikuwa mgeni, hata mwaka wa kwanza hajaumaliza.

“Prof, nani alichagua kupima mawe?”

“Mimi. Kitabu iko na majaribio mingi, lakini hii inaomba asidi, ile inaomba umeme. Mimi niko na ndoo. Nikasema, jiwe hakuna mutoto atakosa. Unapima uzito, unaitia mu maji, unaangalia maji yenye inamwangika.”

“Na mizani?”

“Niliazima kwa papa moja mwenye ananunuaka madini. Muntu muzuri. Alikuja mwenyewe, akakaa nyuma na watoto.”

“Aliuliza kitu?”

Mwalimu alianza kutabasamu, kisha akaacha. “Aliuliza ile nzito ni ya mutoto wa nani.”

Haikupita wiki, wanaume wawili wakaja shambani. Walivua kofia. Walisifu maharage.

“Tunaomba kashimo kadogo tu, kaka. Kuangalia.”

“Hapana.”

“Hakuna shida. Fikiria na ule mutoto wa jiwe.” Mmoja alichota udongo, akaupima kiganjani, akautia mfukoni. “Tutarudia hapa.”

Baada ya hapo majirani waliacha kunisalimia kwa sauti. Mama mmoja aliniambia niuze nikiwa bado ninaulizwa. Mdogo wangu hakujisifu tena. Alianza kulala na viatu miguuni, na sikumwambia avivue.

Kisha asubuhi moja nilikuta vijiti vimechomekwa upande wa chini wa shamba, vimefungwa kamba nyekundu iliyokata katikati ya mistari ya maharage. Nilikuwa ninaiangalia mwalimu alipofika. Mdogo wangu alikuwa amemwambia.

“Ningechagua jaribio ingine,” alisema. “Hata kuotesha mbegu. Sikujua.”

“Najua, Prof.”

“Sasa utafanya nini?”

“Magugu imekuwa mingi.”

Nilimpa jembe la marehemu mama. Alilishika vibaya, kama mtu wa kalamu, lakini alilishika. Tulipalilia mpaka kwenye kamba, nikaing’oa pamoja na vijiti vyake, tukaendelea chini.

Juu barabarani pikipiki yenye wanaume wawili ilisimama. Injini haikuzimwa. Mwalimu alinyanyua kichwa.

“Palilia, Prof,” nilimwambia.